Kifumbu cha Mwarobaini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na ulimi wangu nao unaikumbuka mpaka leo. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya Mchinga yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Gulioni waliuza hata unga wa kuua wadudu, umefungwa kwenye vipande vya nailoni, hauna jina wala maelezo. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza darasa la saba, kichwa kimejaa ndoto. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Bibi yangu, Bi Somoe, alikuwa na debe la kunde za kupanda. Hatukuwa na mbegu nyingine nyumbani, na mvua zilikuwa bado mbali. Tulipolifungua tukakuta fukusi wameshaanza kutoboa. Nikamwomba Bibi anitume gulioni nikalete ule unga.

"Unaitwaje?" akaniuliza.

"Sijui, Bibi. Ila unaua."

"Hata nyoka anaua, mjukuu wangu. Mbona hujamtia debeni?"

Akaniagiza niokote matunda ya mwarobaini yaliyoanguka nyuma ya msikiti, niyaanike kivulini, nitwange viini, kisha nikande na maji ya moto kidogo mpaka mafuta yatoke. Mwanangu, nilisisimka. Mti ule tuliokuwa tukinyweshwa majani yake kwa nguvu tukiugua homa, kumbe umeficha mafuta ndani ya kokwa! Donge likawa jeusi kinuni, likaanza kutoa jasho. Ila lilitoa tone, likapumzika, likatoa jingine, na mimi subira sikuwa nayo. Nikakiona kifumbu cha mama kimetundikwa ukutani, kile cha kuchujia tui. Nikasema moyoni, kinachokamua nazi kitashindwaje na donge hili?

Kikakamua kweli. Nikazichanganya kunde kwa mikono mpaka kila punje ikang'aa kidogo, kisha nikakisuuza kifumbu na kukirudisha mahali pake. Jioni hiyo hata mbu walinipita mbali, kwa ile harufu.

Kesho yake akaja mjomba kutoka Mitwero, na mama akampikia samaki wa nazi. Mjomba akatia tonge mdomoni, akamgeukia mama.

"Dada, samaki huyu alikuwa na homa? Naona mmemnywesha mwarobaini."

Mama akaonja, akanitazama. Sikuhitaji kuulizwa. Bibi akacheka mpaka akashika ukuta, kisha uso ukabadilika. Akaamuru chungu chote kimwagwe.

"Uchungu una kazi yake, na kila kazi ina chombo chake," akaniambia. "Leo tunacheka kwa sababu ni mwarobaini. Ungekuwa ule unga wako usio na jina, watu wangekuwa wanatuchimbia sasa hivi."

Nikasuka kifumbu kipya cha ukindu kwa mkono wangu, nikampa mama. Kile cha zamani kikawa cha mwarobaini, kikatundikwa mbali na jiko. Na mvua zilipofika tukafungua debe, mioyo juu. Kunde zilikuwa nzima, hakuna fukusi aliyetembea. Nilizifukia nikiimba, na zilipochomoza nilikimbia shamba zima kuzitazama, kama mzazi anayehesabu vidole vya mtoto wake.

Basi mwanangu, mdudu akikuingilia, usikimbilie kisicho na jina. Tazama kwanza kilichoota nyuma ya nyumba yako. Usidharau dafu, embe tunda la msimu. Lakini upole wa mti si ruhusa ya kuuchezea. Mafuta yawe kidogo, kwa mbegu ya kupanda, si ya chungu. Watoto wasiyalambe. Chombo chake kiwe chake peke yake, na usione aibu kumuuliza aliyekutangulia kukanda.

Mola akupe ghala lisilotobolewa, mvua ya kutosha na mchuzi mtamu. Na ukija kukosea, kosa lako liwe la kuchekwa mezani, lisiwe la kuliliwa makaburini. Amina.