Tone Moja kwenye Kilemba cha Mumbi

Saa moja asubuhi, Mumbi Githinji yuko juu ya ngazi katika ghorofa moja ya Mwiki, Ruiru, burashi mkononi, wimbo mdomoni. Suruali yake ina rangi ya kila nyumba aliyowahi kupaka. Kilemba chake ni cheupe pe, ila akiinama unaona doa moja dogo la rangi ya maruni utosini.

"Mathe, hiyo bandeji inatolewa lini?" fundi mwenzake Mbuvi anamuuliza kutoka chini, akimwita mama kwa Sheng.

"Kichwa changu ni kizima. Ni wewe tunangoja upone."

Mafundi wote wanacheka, Mbuvi akiwa wa kwanza. Siku hizi huo ni utani tu. Mwaka jana haukuwa utani hata kidogo.

Mumbi, mwenye miaka 41, ni muumini wa Akorino, Wakristo wanaojulikana kwa vilemba vyao vyeupe. Alipoanza kazi ya rangi Kahawa Wendani, akilipwa shilingi 800 kwa siku, wenzake walimpachika jina Bandeji. Akisali kabla ya kula, mtu anapiga mkebe kama ngoma. Mara mbili alikuta kilemba alichoanika kimechovywa kwenye rangi.

"Niliumia, siwezi kudanganya. Nililia chooni," anasema. "Halafu nikajiambia, hawa ndio watu wangu wa kila siku. Nikiwachukia, nitamwimbia Mungu na uso gani?"

Mbuvi alipoteguka mguu, ni Mumbi aliyemalizia ukuta wake ili asikatwe mshahara. Mbuvi alishukuru sana, na kesho yake akamwita Bandeji kama kawaida.

Kisha ikaja kazi hii ya Mwiki, vyumba 24, na Njau, mwenye nyumba, akatafuta msimamizi. Mumbi ndiye aliyekuwa na mkono safi kuliko wote. Mbuvi akaleta uchokozi wake: Mumbi apake kwanza dari za veranda kwa rangi ya maruni. Kilemba kikibaki bila doa, usimamizi ni wake. Kikipata doa, akivue kazini au aende zake. Njau alicheka, akakubali.

"Nipeni ngazi," Mumbi akasema.

Alipaka siku tatu, shingo ikimuuma. Kwenye dari ya mwisho, tone moja lilimwangukia utosini, mahali ambapo mtu aliye chini asingeliona. Yeye alilisikia likitua.

Angenyamaza, nani angejua? Alishuka, akamwinamia Njau. "Doa hili hapa. Lakini kukivua, hapana. Wacha nichukue begi langu."



"Fundi wa kunionyesha kosa lake mwenyewe nitampata wapi mwingine?" Njau akasema. "Rudi juu, msimamizi."

Mbuvi, aliyengoja siku tatu kushangilia, alikimbia kuleta tapentaini ya kutolea rangi. Walisugua pamoja, doa likafifia lakini likakataa kutoka.

"Watu hudhani kilemba kinasema mimi ni msafi," Mumbi anasema. "Kinanikumbusha tu kuna anayenisafisha. Doa likae."

Mwakani anapanga kufungua duka la rangi Witeithie, na fundi wa kwanza wa kuajiri tayari anamjua. Anamwonyesha kwa burashi, akicheka hadi ngazi inayumba.

Chini, Mbuvi anaishika ngazi kwa mikono miwili. "Mathe, polepole," anasema. "Chunga kilemba."