Sare Mbili za Faustina

Mafinga nzima, kuanzia sokoni mpaka parokiani, hakuna aliyewahi kumwona Faustina amevaa hovyo. Mama huyo anamechisha, acha kabisa! Kabati lake limepangwa kwa rangi: njano zinaanza, zinafuata machungwa, kahawia, mpaka unafika kwenye zambarau kule pembeni. Hata sweta la kulishia kuku asubuhi ya baridi sharti lipatane na khanga.

Jumamosi hii sasa, kabati lilikuwa wazi, nguo zimetapakaa kitandani, naye amesimama katikati na gaguro, roho juu juu. Jioni ilikuwa sendofu ya Pendo, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu hajajua kufunga vifungo. Yeye ndiye angemshika mkono na kumkabidhi ukweni. Na ukweni kwenyewe ni wapi? Kwa Edmund, mume wa Faustina mwenyewe! Bwana harusi, Ambrosi, ni mtoto wa kaka yake Edmund. Basi kamati mbili zikamletea vitambaa viwili: upande wa Pendo kijani, upande wa Ambrosi damu ya mzee. Na huku kwetu ukishavaa sare, umeshasema uko upande gani.

"Mke wangu avae rangi ya kwetu," alisema Edmund huku akipiga kiatu rangi. "Au wewe mgeni humu ndani?"

"Na Pendo akabidhiwe na nani?"

Akavaa kijani, akavua. Akavaa damu ya mzee, akajitazama kwenye kioo, akamwona mtu anayekwenda kumpokea mtoto wake mwenyewe. Akavua. Akaketi, akainuka. Mwisho, jamani, ujuzi ukamponza: akavaa gauni la kijani, akajifunga kilemba kikubwa cha damu ya mzee. Rangi zilipatana ajabu. Edmund aliguna tu.

Ukumbini hapakukalika. Mke wa shemeji yake, Verediana, mama wa bwana harusi, akawa anampungia aje kwao. Wale wa kijani walikitazama kilemba, wakasogeza viti vyao, kidogo tu, lakini aliona. Akaishia kiti cha nyuma, anakunja leso na kuikunjua.

"Mashangazi wa bibi harusi!" aliita mshereheshaji. "Nataka kijani tupu, nisione rangi nyingine!"

Faustina akainuka. Dada mmoja wa kamati akamzuia. "Samahani mama, na hicho kilemba? Utaharibu picha." Kule mbele Sekela, shangazi aliyeingia jana tu kutoka Mbeya, alikuwa ameshanyoosha mkono amshike Pendo. Mwenyewe hakuutoa wake. Alikuwa anatafuta mtu kwa macho.

Hapo Faustina hakufikiri. Alikivuta kilemba, pini zikadondoka, nywele zikabaki timtim hadharani, nusu zimesukwa, nusu zimefumuka, maana siku yote ilikuwa imeishia kabatini. Watu wakacheka. Acha wacheke! Alipita katikati yao akaushika mkono wa Pendo.

Wakatembea pamoja mpaka alipo Verediana. Naye akafungua mikono yote miwili kwa furaha.

"Haya shangazi," alisema mshereheshaji, "mkabidhi."

Faustina alitabasamu. Muziki ukapunguzwa.

"Shangazi, mkabidhi sasa."

Hakuuachia mkono.