Mluzi Uliowaita Kuyu

Mtu akiniuliza nilianzaje kuvua samaki, mimi naanzia kwenye jino. Wajukuu wangu hukasirika. Wamekuja na ndoana zao mpya, wanataka waambiwe habari ya chambo, na mimi nimeanza na lundo la pamba.

Lakini jino ndilo lenye habari. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili, darasa ambalo lilikuwa la mwisho kwangu, sifichi. Kijiji chetu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu toka Bariadi. Msimu wa kuuza pamba ukifika, sisi watoto tulikuwa tunangoja karani wa mizani aende kunywa chai. Akiondoka tu, tunapanda juu ya magunia na kujirusha kwenye lundo. Ndugu yangu, sijawahi kulalia kitanda kinachofanana na lile lundo. Lina joto la jua, lina harufu ya majani makavu, na ukizama ndani kelele zote za nje zinakatika, unasikia moyo wako tu. Siku moja nilijirusha kichwa mbele, na chini ya pamba kulikuwa na jiwe la mizani. Nani aliliacha pale sijui mpaka leo. Nilitoka na damu mdomoni, jino moja la mbele likabaki humo humo. Pengine lilienda kiwandani na pamba, kuna mtu mahali alivaa shati lenye jino langu.

Lilikuwa lile jino lisiloota mara ya pili. Toka siku ile, nikitoa pumzi bila kujiangalia, mluzi unatoka wenyewe. Kanisani unatoka, mezani unatoka. Mwalimu alinichapa kwa ajili ya mluzi huo mpaka akachoka yeye.

Aliyefurahi ni baba. Kwetu ng'ombe ananyweshwa kwa mluzi. Mchungaji anasimama kando ya maji, anapiga mluzi wa chini, wa polepole, sauti mbili tu, na ng'ombe anajua hapa ni salama, anainamisha kichwa anakunywa mpaka anashiba. Kaka yangu mkubwa alikuwa anakunja midomo mpaka inamuuma. Mimi nilikuwa napumua tu. Basi shule ikaisha, nikapewa ng'ombe.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mluzi nilikuwa nao ila macho sikuwa nayo. Jirani yetu alikuwa na ngitili, lile eneo la majani mtu analolifunga kiangazi kizima ili ng'ombe wake wasife njaa mvua zikichelewa. Kugusa ngitili ya mtu ni kugusa chungu chake jikoni. Siku hiyo nilikuwa naangalia ndege wanaosuka viota. Nilipogeuka, ng'ombe wetu wote walikuwa ndani ya ngitili ya jirani wanakula kama harusini. Wazee walikaa, baba akatozwa mbuzi. Ng'ombe nikanyang'anywa, akapewa kaka.

Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema tu, wakati tunakula, kwamba siku ya mnada mjomba atapita, naye atanichukua kwenda Bukundi nikachunge huko. "Huko kuna fisi," alisema. "Watamfundisha kufungua macho."

Bukundi mimi nilikuwa sijafika. Nilichojua ni kwamba mtoto wa shangazi alipelekwa huko akiwa mdogo kama mimi, akarudi ana ndevu. Na nyumbani kulikuwa na bibi. Nilikuwa nalala kwenye nyumba yake, namsikia akikoroma na mbuzi wakicheua upande wa pili wa ukuta, na asubuhi ananipa matobolwa ya moto, yale ya viazi vikavu vilivyochemshwa, na karanga kiganjani. Nani angenipa hayo Bukundi?

Bibi ndiye aliyenitetea. Mwezi ule mboga ilikuwa imekwisha kabisa. Asubuhi mlenda, jioni mlenda, mpaka ulimi unateleza wenyewe. Bibi akamwambia baba: "Ng'wanawane, mwanangu, huyu mtoto akileta mboga ya nyumba nzima kabla ya mnada, utamwacha?"

Baba akauliza mboga gani, na bibi akasema samaki. Baba alicheka, na kaka akacheka kwa kumfuata. Sisi ni watu wa ng'ombe. Samaki tulimjua akiwa mkavu, ametoka ziwani ndani ya gunia, amenyooka kama kijiti. Baba akasema haya, akileta atakaa. Alisema kwa sababu alijua haiwezekani.

Bibi naye hakusema ovyo. Kwenye kibanda chake cha zamani alikuwa amemhifadhi mtu wa ziwani. Huyu alikuja kupakia pamba kiwandani, msimu ukaisha, wenzake wakaondoka yeye akabaki na kidonda mguuni. Bibi alikuwa anamkanda kwa maji ya moto na chumvi kila jioni. Alikuwa anangoja apone, basi, atembee kurudi kwao. Mfukoni hakuwa na kitu ila mshipi wa kuvulia umeviringishwa kwenye kijiti, na ndoana mbili zimechomekwa kwenye kipande cha kandambili.

Tulibakiwa na siku saba. Mto Simiyu kiangazi unakuwa mchanga mtupu, unavuka hujalowa kisigino, lakini kwetu kulikuwa na kidimbwi chini ya mwamba ambacho hakikauki. Ng'ombe wote wa upande ule walikuwa wananywea hapo. Mtu wa ziwani alichechemea mpaka pale, akakaa asubuhi nzima anaangalia maji, hata ndoana hajaitoa. Nikaona huyu naye ni mvivu kama mimi. Mchana akanionyesha mgongo mmoja uliopasua maji na kuzama, wa rangi ya shaba, magamba kama sarafu.

"Kuyu," akasema. "Amekwama humu toka mvua zilipokatika. Ana sharubu kuliko baba yako na ana akili kuliko wewe. Tutaanza kesho."

Basi nikaanza. Wajukuu, hapa ndipo chambo kinapokuja. Bibi alipika ugali wa mtama mgumu, tukaukanda pamoja na mashudu ya pamba, yale wanayolishwa ng'ombe, mpaka ukawa haushiki vidole. Kila asubuhi tunatupa vidonge vichache mahali pale pale, saa ile ile, maji yenye kina karibu na mwamba, ili kuyu wazoee. Kiboya chetu kilikuwa kipande cha bua la mtama. Kikitetemeka, usivute, huyo ananusa tu. Kikizama, usivute. Kikizama na kuanza kutembea, hapo vuta. Kivuli chako kisiguse maji. Na juu ya yote, unyamaze.

Siku ya kwanza kiboya kilitetemeka nikavuta kama navuta fahali, ndoana ikaruka ikashika shati langu mgongoni. Mtu wa ziwani aliitoa akisema huyu tuliyempata ni mwembamba, turudishe majini. Siku ya pili nilivuta tena mapema. Siku ya tatu nilijizuia, nikakaa kama jiwe, nikajisifu moyoni, na nilipojisifu pumzi ikatoka na mluzi ukatoka nao, ule wa sauti mbili. Kidogo tu nikasikia kwato. Ng'ombe wetu walikuwa wanapita ng'ambo na kaka, wakasikia wanaitwa wakanywe, wakaja wote mbio wakaingia majini mpaka magotini, kiboya kikapotea kati ya miguu yao.

"Pengo," mtu wa ziwani akaniambia, na toka siku ile hilo likawa jina langu, "funga mlango."

Nilijaribu kuufunga. Siku ya nne aliniletea mchembe, kipande cha kiazi kikavu kigumu kama gome, akasema nikiweke kwenye pengo, nisikitafune. Kikakaa vizuri mpaka kikalainika. Kikilainika kitamu, nikameza, nikapumua, na ng'ombe hao. Siku ya tano nilikwenda na vipande vitatu. Nilivila vyote. Kaka akaanza kupita pale makusudi, anaegemea fimbo yake, anauliza kama Bukundi nitakwenda na blanketi gani.

Siku ya mwisho kabla ya mnada tulikaa toka jua linachomoza. Bua la mtama halikutikisika hata mara moja. Mtu wa ziwani alikuwa amenyoosha mguu. Kidonda chake kilikuwa kimefunga, nilikiona. Mchana nikamkumbuka bibi na kukoroma kwake, nikashusha pumzi.

Ng'ombe wakaja. Sikujaribu hata kuwafukuza. Walikunywa, wakakojoa, wakachafua, wakaondoka na kaka nyuma yao anaimba. Mtu wa ziwani alisimama akajinyoosha. "Leo tumevua ng'ombe," akasema, akaenda pembeni kunawa mguu wake.

Mimi nikabaki naangalia maji. Pale karibu na mwamba, mahali petu pa vidonge, palikuwa pametulia kama kioo. Lakini huku pembeni walipokanyaga ng'ombe, maji yalikuwa kama chai ya maziwa, na ndani yake vipovu vilikuwa vinapanda kimoja kimoja. Kisha nikaona mkia. Mkia umesimama nje ya maji kabisa, maana mwenyewe kichwa chake kiko kwenye matope ya kwato anachimbua.

Mahali hapo pana kina cha kiwiko cha mtoto. Sikumwita mtu. Nilinyanyua ufito tuliofungia mshipi, nikatupa chambo katikati ya nyayo za ng'ombe.

Kiboya kilitetemeka. Kikazama. Nilihesabu moyoni mpaka mahali ninapoishia kuhesabu. Kikaanza kutembea, nikavuta.

Nikwambie ukweli, nilidhani nimenasa mzizi, mpaka mzizi ulipoondoka na mimi. Ufito ulipinda ukavunjika, nikaushika mshipi kwa mikono, ukanikata, nikaingia majini na nguo. Mtu wa ziwani alikuja akichechemea kidogo tu, na nilitegemea ataushika. Hakuushika. Alisema kwa sauti ya chini, "Usishindane naye. Tembea naye mpaka achoke."

Hilo nilikuwa nalijua. Ndama mkaidi wa kamba, ukimvuta anakaa chini, ukimfuata anachoka mwenyewe. Nilitembea na yule kuyu kidimbwi kizima, akienda naenda, akisimama nakaza kidogo, namwambia maneno yale yale ninayowaambia ndama, mpaka akalala ubavu na nikamkumbatia nikatoka naye nje. Alikuwa mrefu kama mkono wa baba toka kiwiko mpaka ncha za vidole.

Mtu wa ziwani alimwangalia, akaangalia maji machafu, akakaa chini.

"Pengo," akasema, "piga tena."

Nikapiga ule mluzi. Ng'ombe walikuwa wameshafika mbali. Hakuja hata mmoja. Lakini vipovu vilipanda tena, huku na huku, vingi kuliko kwanza.

"Wanakusikia," akasema. "Kiangazi chote wanasikia mluzi, halafu ng'ombe wanaingia, matope yanatibuka, wanakula. Mimi nimekuwa nawanyamazia watu wanaongoja kuitwa." Akaanza kucheka, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akicheka, akacheka mpaka akashika mguu wake mbovu. Tulitoka pale na kuyu watatu.

Niliwabeba kwenye kijiti begani, mikia inagonga magoti yangu, na sikupita njia ya mkato. Nilipita mbele ya nyumba ya jirani mwenye ngitili. Nilimwamkia, "Mwadila, bhabha," akaitikia, halafu akasimama, akaita watoto wake waje waone. Kaka alinipisha mlangoni.

Bibi aliwapika na nyanya na chumvi tu, harufu ikatoka mpaka njiani. Jioni ile nyumba yetu ilikaa kimya kuliko siku zote, maana kuyu ana miiba mingi na sisi watu wa ng'ombe hatukuijua. Bibi alisema atakayeongea atakufa. Baba alipewa kichwa. Alikifyonza mfupa kwa mfupa, akanawa mikono, mimi nasikia moyo wangu kama nimezama tena kwenye pamba.

"Mjomba wako akija kesho," akasema, "mwambie siku nyingine akipita atuletee ndoana. Bukundi atakwenda peke yake."

Nimekula vingi baada ya hapo, ndugu yangu, hata nyama za harusi za wakubwa. Sijala tena kitu kama kile. Kidimbwi chenyewe hakipo. Malori yamekuja miaka mingi kuchota mchanga wa kujengea mji, na mvua zikaleta mwingine, mwamba umebaki kichwa tu. Ngitili ya jirani imelimwa mahindi. Kuyu hawapandi tena mpaka kwetu, na mjukuu wangu ng'ombe wake anawanywesha kwa pampu, hahitaji mluzi.

Asubuhi ya mnada nilikwenda kidimbwini mapema, nimebeba mashudu. Nilimkuta mtu wa ziwani amesimama, kifurushi kiko begani. Alinipa mshipi wake ukiwa kwenye kijiti chake, na kile kipande cha kandambili chenye ndoana zote mbili. Nikamwambia ugali wa leo bibi ameukanda vizuri. Akasema vizuri, uwape.

Halafu akashuka kwenye mchanga wa mto, akaufuata unakoelekea ziwani, hachechemei tena. Nilimpigia mluzi, ule wa sauti mbili. Alikwenda tu, mpaka kwenye kona, na sikumwona tena.