Bingwa wa Punje Tisa

Tangu Jumapili situlii, nakaa nasimama, basi bora niseme. Hapa Lushoto mimi ni bingwa wa punje tisa za maharage. Mnaokota kwa zamu, moja, mbili au tatu. Anayeokota ya mwisho kashinda. Mimi huanza na moja. Kisha ukiokota moja, naokota tatu. Ukiokota mbili, nami mbili. Shule niliikimbia, lakini kichwa kipo! Wajukuu hawajanishinda hata siku moja.

Basi akaja mama mkwe wa binti yangu, kutoka Mtae, kanizidi umri. Nikampa shikamoo yake, halafu mdomo ukaniponza: "Ukinishinda, chukua jogoo wangu." Na jogoo huyo ndiye saa yangu, tangu simu ilipodondokea korongoni.

Mkubwa ndiye huanza, nikamkaribisha. Akaokota moja. Nikaokota tatu, akaokota moja. Nikaokota mbili, akaokota mbili zilizobaki.

"Mkwe wangu," akasema akimfunga jogoo miguu, "siku zote huwa anaanza nani?"

"Babu," akadakia mjukuu wangu. "Anayeanza ndiye anayeshinda. Tunajua wote, ila yeye ndiye mkubwa."