Halua Iliyoshusha Sukari

Utafiti wangu wa shahada ya pili ulikuwa mdogo, lakini majivuno yangu hayakuwa madogo. Nilipita nyumba kwa nyumba Mji wa Kale nikiwapima watu sukari ya damu na kuwauliza wanachokula. Jibu lililotoka lilinifanya nicheke peke yangu: waliokula halua kila siku walikuwa na sukari ya chini kuliko wasioigusa.

Mwenye akili angenyamaza kwanza. Mimi nilitangaza Ijumaa, mbele ya sinia la pilau, jamaa wote wakisikia. Shangazi yangu, aliyekatazwa vitamu na daktari tangu apatikane na ugonjwa wa sukari, na aliyekuwa akiuguza kidonda cha kidole cha mguu, aliacha kutafuna.

"Wataka kunambia halua yashusha sukari?"

"Takwimu ndizo zisemazo, shangazi," nikajibu kwa madaha.

Jumatatu msimamizi wangu alisoma kurasa zangu, akauliza swali moja tu: hao wasiokula halua, waliacha lini?

Ilinichukua wiki tatu kurudi kuwauliza. Wengi waliacha siku waliyoambiwa wana sukari. Halua haikumponya mtu. Ugonjwa ndio uliowatoa wagonjwa kwenye kundi la walaji, wakabaki wazima wakijilia. Nilipowaweka kando waliokwisha kujijua ni wagonjwa, ile tofauti yangu tamu ikatoweka. Iliniuma, maana nilishajiona nikihojiwa redioni. Nikaandika kwa unyonge kwamba utafiti huu hauonyeshi kuwa halua inashusha sukari, na kosa langu nikalieleza bila kulificha.

Kisha nikaenda kwa shangazi. Kando yake palikuwa na kikapu cha halua kilichobaki nusu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kushtuka.

"Nalijua zamani," akasema. "Halua naipika tangu sijaolewa, nisijue ilivyojaa sukari? Lakini kila wanangu waliponifokea, niliwaambia msomi wetu amenipa ruhusa. Wakanyamaza wote!"

Nikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alipandisha kidogo leso aliyojifunga kiunoni, nikaona kile kidonda cha kidole cha mguu, kilichokuwa kimeanza kufunga, kimefumuka upya na kuvimba.

"Kesho utanipeleka hospitali, ukamweleze daktari mwenyewe," akasema, akininyooshea mguu. "Sasa njoo unioshe."

Nilipiga magoti nikamwosha, na aibu haikuniruhusu kumtazama usoni.