Daraja Lisiloonyesha Maji

Sisi tuliokulia Matrah, mtaa wa Maskati, wakati viyoyozi vya dirishani viliponguruma kama mashine za kusaga, tunajua urefu wa alasiri ya Ijumaa. Nje tulikatazwa mpaka jua lipoe, na ndani ya nyumba yetu tulikuwa na mchezo ambao, nijuavyo, haukuchezwa kwa jirani yeyote: tulitembeza wageni katika mji wa Erfurt, Ujerumani.

Baba alisomea mbegu za mboga huko ujanani, kabla hatujahamia Maskati. Picha zake zote zilibaki Unguja, basi akatujengea mji ule kwa vilivyokuwepo. Ngazi za kupandia darini zilikuwa ngazi pana za kanisa kuu lililo kilimani. Sinia la shaba lililopigwa kwa mwiko lilikuwa kengele yake, na mpigaji alitakiwa asubiri sauti ife kabisa ndipo apige tena, kwani Baba hakuvumilia kengele yenye pupa. Beseni la buluu ya kufulia lilitukumbusha kuwa mji ule ulitajirika zamani kwa rangi ya buluu itokayo katika majani. Mara nyingi tulisimama kuswali magharibi viganja vikiwa vya buluu, udhu umeshindwa kuitoa.

Kivutio kikuu, hata hivyo, kilikuwa daraja. Nalo lilikuwa ule ujia mwembamba kati ya vyumba, kila mlangoni amekaa mtoto na duka lake: visheti, nyuzi, halwa ya jana. Mgeni alipita akinunua huku na huku hadi akatokea jikoni, ambako Baba alimngoja na swali: "Maji umeyaona?" Akijibu la, Baba hufurahi: "Basi umevuka daraja." Daraja la Erfurt, alieleza, limejengewa nyumba na maduka pande zote mbili, yameuficha mto.

Mgeni wetu wa kila wiki alikuwa Shangazi Ruqaya, dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyemlea. Alinunua vingi, hakuamini kitu.

"Nyumba juu ya daraja!" alisema akitafuna kisheti. "Na mwenye nyumba akimwaga maji ya kufulia, yanamwangukia nani?"

"Dada, nnakwambia nlikuwa nalipita kila siku nikenda kusoma."

"Ulikuwa na homa."

Tulicheka sote, Baba pia. Lakini mzaha ule ulikaa miaka. Kila alipoeleza jambo zito, Shangazi alimkata: "Kama lile daraja lako." Sokoni na msikitini neno la Baba halikutiliwa shaka, kwa dada yake tu ndipo lilipogota, na nadhani hapo ndipo alipotaka zaidi liaminiwe.

Mwaka huu binti yangu Salma alikwenda Ujerumani na wenzake wa chuo. Babu yake alimwomba jambo moja: apite Erfurt, alione daraja, aje amwambie bibi yake, Shangazi Ruqaya. Picha za simu Shangazi alikwisha kuzikataa: "Simu siku hizi inajenga hata msikiti mwezini."

Ijumaa aliyorudi, hata wali haujaisha, Shangazi akauliza, "Haya mwanangu, daraja?"

Salma akaona haya. "Kusema kweli, bibi, hatukulipata. Simu ilituambia tumefika, tukazunguka weee. Kanisa tumeliona, ngazi zake tumezipanda. Halafu tukapita kichochoro cha maduka, tukanunua chokoleti, tukatokea upande wa pili. Daraja hamna."

"Nilisema mimi!" Shangazi akapiga makofi.

Baba aliendelea kuchambua miba ya samaki wake, ingawa sahani yake haikuwa na miba tena. Salma, kwa kutahayari, akasogeza boksi la chokoleti mbele ya bibi yake. Shangazi akachukua moja. Kabla haijafika mdomoni, mkono ukasita.

"Hicho kichochoro," akasema, "maji mliyaona?"

"Maji gani, bibi? Maduka tu, huku na huku."

Shangazi akamgeukia Baba. Akaiweka ile chokoleti kwenye sahani ya Baba.

"Wamelivuka, mdogo wangu," akasema. "Kula."

Vijana wetu huambiwa na simu kuwa wamefika, nao huendelea kutafuta; sisi tulifika kila Ijumaa bila pasi ya kusafiria. Ile nyumba ya Matrah imekwisha kuvunjwa. Hizi tunazojenga sasa ni pana, na sebule zake humwonyesha mgeni kila kitu tangu mlangoni. Nimeizunguka yangu mara nyingi, na sijui daraja ningeliweka wapi.