Vichwa vya Uzi Mwekundu

Miaka ya themanini nilimpa mtaalamu mmoja wa kilimo nusu ya shamba langu kando ya mto, hapa Isiolo. Ndipo nilikuwa napanda mahindi ya watoto. Alisema kwa mdomo wake, "Mama, tukipata mbegu bora ya alizeti, tutagawana nusu kwa nusu." Nikamwamini. Alikuwa anakula kwangu.

Alitaka kujua kama jani linalotumia jua vizuri ndilo linaleta mbegu nyingi. Mchana, jua likichoma, alibana majani na kimashine chake cha kupima. Aliniambia jani ni jiko. Kuna mmea unapika na kula peke yake, unanenepa majani tu. Mwingine unapika na kulisha mbegu. Huo wa pili ndio tulitafuta. Mimea iliyofaulu aliifunga uzi mwekundu, na mimi nikavisha vichwa vyake vifuko kabla maua hayajafunguka, nyuki wasilete chavua ya mimea mingine. Vifuko nilishona kwa shuka zangu za kitanda.

Jirani yangu Mborana alipita na mbuzi, akasimama. "Ee mama, maua yako yamesilimu lini?"

"Yamesilimu," nikamwambia, "mwenyewe bado."

Tulicheka wakati huo.

Vichwa vilipoanza kukauka, nilipanda kwenda Meru kumzika dada yangu. Kurudi, vya uzi mwekundu vyote vimekatwa. Hata vifuko vyangu alibeba.

"Mtaalamu wako alikuja na Landrova," jirani akaniambia. "Nikamwuliza, mwenyewe anajua? Akasema wewe ndiye umemtuma."

Hapo ndipo niliumia. Kukata ni wizi, wezi nawajua. Lakini kutumia jina langu nikiwa matangani!

Nilipanda mbegu ya ile mimea aliyoacha, sikuwa na ingine. Ilitoka mirefu, majani kama masinia, watu wa kwenda Ngaremara wanasimama kuisifu. Vichwani, maganda matupu. Watoto wangu walikula unga wa kuomba.

Baada ya mavuno hayo akarudi, meno yote nje. "Mama, habari ya siku nyingi!" Anataka shamba tena, eti ile mbegu imefanya vizuri sana huko kwao.

Nikampa kiti. Nikamletea sahani ya alizeti ya kukaanga. Akatafuna moja, akatema. Akajaribu ingine.

"Mama, hizi hazina kitu ndani."

"Kula," nikamwambia. "Ni ile nusu yangu."